Magunia Manne na Ulimi wa Godeliva

Usoke kulikuwa na vipimo viwili. Cha kwanza ni mizani ya tumbaku, ambayo kila msimu lazima fundi aje kuikagua. Cha pili ni ulimi wa Godeliva, ambao haukuwahi kukaguliwa na mtu yeyote.

Ulimi huo ulikuwa na kazi moja: kuonja ukwato wa mti. Ukwato wa mti ni uyoga, lakini usifikirie ule uyoga laini wa kupikwa na karanga. Huu unaota ubavuni mwa magogo ya mninga na mtundu, umekaa kama ukwato wa ng'ombe uliopigiliwa msumari. Juu ni kahawia unaong'aa, utadhani fundi seremala amepita na vanishi usiku. Chini ni mweupe kama maziwa. Ukiutafuna ni sawa na kutafuna soli ya kiatu, tena soli chungu. Watu wanaukata vipande, wanaukausha, wanauchemsha, wanakunywa maji yake mwili ukiwa umechoka au chakula hakipandi.

Wanawake saba walikuwa na kikundi cha kuuokota. Jioni wakirudi porini wanamwaga walichopata juu ya mkeka, na Godeliva anakaa katikati na kisu chake. Anachonga chembe kama punje ya mchele kutoka kila ukwato, anaiweka ulimini, anafumba macho. Vipande vikishakauka anarudia tena, anaonja kila kapu kabla halijamiminwa kwenye gunia. Akitikisa kichwa, vinatupwa. Akisema "mhm", vinaingia. Hakuna mwingine aliyeonja. Haikuwa sheria iliyoandikwa, ilikuwa heshima tu, kama kwenye jiko la harusi ambako mwonja mchuzi ni mmoja na wengine wote ni wapepea moto.

"Uchungu wa kweli hauna haraka," alikuwa akiwaambia wenzake. "Unapita ncha ya ulimi bila hata salamu, unakwenda kukaa kule nyuma kabisa. Na ukishakaa, umekaa. Hata ukinywa maji mtungi mzima."

Alisema hayo huku mdomo wa chini umetuna kidogo, kwa sababu ndani yake kulikuwa na ugoro. Godeliva na ugoro walikuwa hawaachani. Kopo lake lilikuwa dogo, la bati, lililowahi kuwa na mafuta ya kujipaka, na lilikaa kwenye pindo la kitenge kuanzia alfajiri mpaka anapolala. Hakuna aliyeliona kuwa jambo. Nusu ya akina mama wa rika lake pale Usoke wanabwia ugoro. Kijiji cha tumbaku, utegemee wabwie nini, unga wa ubuyu?

Godeliva alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, mwaka mmoja baada ya wazazi wake kuvuka mpaka kutoka Burundi wakiwa na sufuria moja na rozari. Mama yake alikuwa ametoka kwenye vilima vya migomba. Pori la miyombo hakulijua. Akalisoma kwa ulimi. Alikuwa anaonja, anatema, anasubiri kuona kama tumbo litalalamika. Mizizi, majani, magome, uyoga. Godeliva mdogo alimfuata nyuma na kikapu, akiambiwa: "Ukisikia tamu, jiulize nani anakuita. Ukisikia chungu, jiulize nani anakukataza." Miaka ikapita, familia ikapewa uraia, karatasi ikawekwa kwenye fremu karibu na picha ya Bikira Maria. Hata hivyo, mtu akiishiwa hoja mbele ya Godeliva, alikuwa anakimbilia neno lile lile: mkimbizi. Naye jibu lake lilikuwa limekaa tayari mdomoni pamoja na ugoro: "Kitovu changu kimezikwa Ulyankulu. Cha kwako kiko wapi, twende tukafukue?"

Aliolewa Usoke na Justini, mkulima wa tumbaku, mtu mpole aliyejenga bani la kukaushia majani yake kwa matofali ya kuchoma, refu kuliko nyumba waliyolala. Justini ndiye aliyemfundisha kubwia. Alimsagia ugoro mwenyewe kwa majani ya bani lile, akauchanganya na magadi kidogo, akamletea kwenye kiganja kama mtu anayeleta pete. Walilima pamoja miaka ishirini na sita. Justini alipofariki, kifua kilimsumbua muda mrefu, Godeliva alikaa arobaini, kisha akawaita wakwe zake akawaambia hatapanda tena hata mche mmoja.

Shemeji yake Xavery aliangua kicheko. "Shemeji, hapa Usoke usipolima tumbaku utalima upepo?"

"Nitalima pori."

"Pori halilimwi!"

"Ndiyo maana ninyi mnalichoma lote. Kila bani linakula miti msimu mzima, na ukwato hauoti kwenye majivu. Bani langu limeshiba. Limefunga."

Ndivyo kilivyozaliwa kikundi cha wanawake saba. Mwaka wa kwanza waliitwa wachawi, wa pili wakaitwa wendawazimu. Wa tatu walianza kusalimiwa, maana mnunuzi alikuwa amepatikana.

Mnunuzi huyo alikuwa Wenceslaus, mwenye duka la dawa za asili pale Isevya, Tabora mjini. Kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vimechongoka mbele, maneno yamechongoka zaidi. Aliagiza magunia manne mara moja, akasema atautia kwenye mikebe. Kwenye mikebe ataweka picha ya Godeliva.

"Picha yangu ya nini?" Godeliva aliuliza.

"Mama, wewe ndiye chapa! Watu wa Dar wanataka kitu chenye mtu nyuma yake. 'Umethibitishwa na ulimi wa Bibi Godeliva.' Umeisikia hiyo? Inapiga!"

Godeliva alifikiri, akakubali kwa sharti moja. Mkebe useme ni uyoga gani, umetoka wapi na unachemshwaje. Usiandike kwamba unatibu. "Mama yangu alikunywa huu maisha yake yote," alisema, "na alikufa kama watu wengine."

"Imeisha hiyo, mama'angu," Wenceslaus alisema, akaweka mkono kifuani.

Miezi ile ile alikuja Asnath. Huyu ni binti wa mchungaji wa Moravian wa kule Ipuli, anasoma kemia chuo kikuu, shahada ya pili, na utafiti wake ulikuwa juu ya uchungu. Kweli kabisa, uchungu. Alifika na daftari, mifuko ya karatasi, na maswali mengi kiasi kwamba Josepha, rafiki mkubwa wa Godeliva kikundini, alimuuliza kama chuoni wanalipishwa kwa swali.

Asnath akawaeleza kitu ambacho kiliwaacha wanawake saba midomo wazi. Uchungu wa ukwato, alisema, una jina. Unaitwa triterpenoidi.

"Rudia," Josepha alisema.

"Tri-ter-pe-noi-di. Siyo moja, ni ukoo mzima. Mmeiona treni ya mizigo inapopita hapa? Chukulieni treni yenye mabehewa sita, kila behewa lina abiria watano. Jumla?"

"Thelathini," wakajibu kama darasa.

"Thelathini. Hao abiria ni chembe za kaboni. Mti au uyoga unaunganisha mabehewa hayo sita, halafu unaikunja treni nzima, inajifunga mafundo manne au matano kama mkeka unavyosukwa. Kisha kila mmea unapamba kwa namna yake. Uchungu wa mwarobaini unatoka ukoo huo huo, ila ule umepoteza abiria wanne njiani. Huu wa ukwato ni wa aina yake."

"Na unautengeneza wa nini?" Godeliva aliuliza. Alikuwa ameacha hata kusogeza ugoro mdomoni.

"Kwa sehemu, kujilinda. Mdudu akija kula, anakutana na uchungu. Ni kama kusema: mimi siliwi."

Godeliva akacheka mpaka akashika mbavu. Miaka hamsini alikuwa akiuonja uyoga huu, na leo ndiyo anaambiwa walikuwa wakizungumza lugha moja.

"Na unatibu?" Josepha akauliza haraka.

Asnath akafunga daftari lake kwanza. "Kwenye vyombo vya maabara, triterpenoidi hizi zimefanya mambo ya kushangaza. Zimetuliza uvimbe, zimesumbua seli mbaya. Lakini chombo siyo mtu. Kwa mtu bado tunatafuta. Anayekwambia amemaliza kutafuta, huyo anauza."

Godeliva alimpenda papo hapo.

Sasa mvua. Mwaka huo zilinyesha kama zimetumwa. Kazi ya kukausha ukwato inataka jua la siku saba juu ya vichanja, na jua lilikuwa likichungulia kidogo na kurudi ndani. Vipande vilianza kuota ukungu wa kijani. Walitupa kapu moja, wakatupa la pili. Wenceslaus alipiga simu kila asubuhi. Siku ya tatu Godeliva alisimama mlangoni akaangalia ng'ambo ya uwanja, akaliona bani la Justini limesimama pale, refu, kavu, limefungwa misimu mitatu.

Alilifagia mwenyewe. Alifagia sakafu, akafuta mabomba ya moto, akabandua utando wa buibui mpaka kwenye fito za juu. Akapanga vipande vya ukwato juu ya fito ambako majani ya Justini yalikuwa yakining'inia, akawasha moto mdogo, akaulinda siku nne. Vipande vilitoka vikavu, vinagonga kama mbao. Wenzake walishangilia. Alikaa mkekani, akabandika ugoro kidogo mdomoni ili atulize akili, akaonja kapu la kwanza. Uchungu. Akaonja la pili. Uchungu, tena mkubwa kuliko wa siku zote.

"Mhm," alisema. "Moto umeukoleza."

Magunia manne yalijaa, yakashonwa. Asnath alikuja akachukua konzi moja ya vipande kwa ajili ya maabara, akaaga. Wiki mbili magunia yalikaa yakimngoja Wenceslaus.

Aliyafuata siku ya Alhamisi asubuhi, akayabeba kwa bajaji ya mizigo mpaka stesheni, ili yapande treni ya Tabora. Vumbi la bajaji halijatua, Asnath akashuka kwenye basi. Alikuwa ametembea haraka, kilemba kimekaa upande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hukupiga simu?"

"Mambo mengine hayasemwi kwenye simu, mama." Akaketi kwenye kigoda, akatoa kijibamba cheupe kilichofungwa kwenye nailoni, kina vidoa vilivyopandana. Akaeleza kwamba ukidondosha tone la dawa karibu na ukingo wa chini wa bamba kama hilo, ukalisimamisha kwenye kimiminika kidogo, kila kitu kilichomo kinapanda na kusimama kwenye kimo chake. Triterpenoidi za ukwato anazijua zinasimama wapi. "Lakini hiki hapa," alisema, akagusa kidoa kimoja, "siyo cha ukoo huu. Nimerudia mara tatu. Ni nikotini."

"Niko nini?"

"Tumbaku, mama. Ukwato wako una tumbaku ndani."

Godeliva akasimama. "Tumbaku kwenye ukwato wangu? Mimi niliyeacha tumbaku mbele ya ukoo mzima? Mashine yako imelewa! Nimeonja kapu kwa kapu. Ulimi huu, mwanangu, umezaliwa kabla mashine yako haijachorwa."

Asnath aliangalia huku na huku. Macho yake yakatua kwenye bani, lililokuwa bado limeachwa wazi, halafu yakarudi polepole yakatua kwenye mdomo wa Godeliva, pale palipotuna. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande kilichobaki kutoka maabara. Hakumpa Godeliva. Alimpa Josepha, aliyekuwa amesimama karibu akipepeta mahindi. Josepha hajawahi kubwia ugoro hata mara moja. Mumewe Mathias humtania kwamba pua yake inapiga chafya akipita tu karibu na shamba la tumbaku.

"Mimi sionji," Josepha alisema, akimwangalia Godeliva. "Mwonjaji ni yeye."

"Onja," Godeliva alisema.

Josepha aliuma. Hakusubiri uchungu uende nyuma ya ulimi, maana haukwenda. Ulimwuma mbele, ukamwasha, mate yakamjaa mdomoni kama bomba. Akatema mara tatu, akafuta ulimi kwa kanga. "Yesu wangu! Hii tumbaku, Godeliva! Hii tumbaku tupu!"

Hapo Godeliva alikaa chini. Vitu viliingia kichwani mwake kimoja baada ya kingine, kila kimoja na mahali pake. Bani alilifagia sakafu, lakini nani anafagia matofali? Miaka ishirini na sita ya majani ilikuwa imelala ndani ya kuta zile, imelala kwenye fito, na yeye akaja akaiamsha kwa moto, ikashuka juu ya ukwato uliokuwa na unyevu. Na ulimi? Ulimi uliokaa na ugoro tangu ubibi harusi ungewezaje kuisikia tumbaku? Samaki utamuuliza maji yana ladha gani?

"Mtu akinywa inakuwaje?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kizunguzungu, kutapika, moyo kwenda mbio. Mgonjwa, mjamzito, au mtoto... mbaya zaidi, mama."

Godeliva alitoa ule ugoro kwa kidole, akautupa uani. Akafunga kitenge upya, kwa fundo la kwenda shambani. "Twendeni," alisema.

Stesheni ya Usoke haiko mbali, ila kwa mtu wa miaka hamsini na ushei anayekimbia, ni mbali. Treni ilikuwa haijafika. Watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, madebe ya asali, mabegi, kuku wamefungwa miguu. Bernadeta muuza chai alikuwa na jiko lake pale pale anapokaa siku zote. Magunia manne yalikuwa yamepangana ukingoni, na karibu yake Wenceslaus, simu sikioni.

Godeliva hakumsalimia. Alipanda juu ya magunia, akakaa, akakunja miguu.

Wenceslaus akakata simu. "Mama? Kuna tatizo?"

"Lipo. Nimelikalia."

Akamweleza yote, kwa sauti, bila kuficha. Bani. Ugoro. Ulimi. Watu walianza kusogea. Wenceslaus alisikiliza akitabasamu tabasamu la mtu anayesubiri mwingine amalize.

"Sawa, mama. Nimekuelewa. Sasa shuka tuongee pembeni."

"Pembeni pana nini?"

Akainama, akashusha sauti. "Mama, ukwato si ni mchungu? Tumbaku si ni chungu? Chungu ni chungu. Nitachanganya na unga wa mlonge, nani atajua? Usiniharibie dili kwa kidoa cha karatasi."

"Mmesikia?" Godeliva akawauliza abiria. "Anasema chungu ni chungu."

"Hatujasikia, rudia!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka kwenye madebe ya asali.

"Anasema nani atajua. Mimi najua! Josepha huyu anajua, muulizeni ulimi wake uko wapi mpaka sasa!"

Wenceslaus akakasirika, na alipokasirika Kiswahili cha dukani kikamtoka, akabaki na kile cha mtaani. "Sikiliza wewe mama. Mikebe mia tano imeshachapwa, ina sura yako. Mzigo ni wangu. Nyie watu wa makambini mnapewa nafasi mnaleta za kuleta!"

Josepha alipiga hatua mbele, lakini Godeliva alinyoosha kiganja kumzuia.

"Kitovu changu kimezikwa Ulyankulu," alisema taratibu. "Leo hata sikuulizi chako kiko wapi. Nakuuliza mkebe. Niletee niuone."

Alikuwa nao mmoja mkobani, wa mfano. Hakutaka kuutoa, abiria wakaanza kupiga makofi ya kumhimiza, akautoa. Godeliva aliuona uso wake mwenyewe, umechekeshwa kidogo na mchoraji, meno meupe asiyokuwa nayo. Chini yake yalikuwepo maandishi. Akampa Asnath asome kwa sauti.

"'Ukwato wa Bibi Godeliva,'" Asnath akasoma. "'Unatibu sukari, presha, uvimbe wa aina zote, nguvu za kiume...'"

"Na pepo?" mtu akauliza, kicheko kikalipuka.

"'...na kuzuia magonjwa kabla hayajaingia.'"

Godeliva aliurudisha mkebe kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Kisha akamgeukia muuza chai. "Bernadeta, maji yako yamechemka?"

"Yanatokota."

"Nipe kikombe."

Akatoa kisu chake, akachana mshono wa gunia alilokalia, akachukua vipande vitatu, akavitumbukiza, akafunika kwa kisosi. Walisubiri wote. Mkuu wa stesheni alikuwa ametoka ofisini kuja kuwatawanya. Alipoona kikombe, naye akasimama kungoja. Harufu ilipopanda, wakulima wa tumbaku waliokuwa pale wakatazamana. Harufu hiyo wanaijua usingizini.

"Haya, mwanangu," Godeliva alisema, akikinyoosha kikombe. "Umesema nani atajua. Kunywa. Ukikimaliza chote hapa mbele yetu na ukapanda treni kwa miguu yako, nashuka, na magunia nakupakilia mwenyewe kichwani kama wapagazi wa zamani."

Wenceslaus alikipokea. Lazima tumpe haki yake, alikipokea. Alikifikisha mpaka karibu na midomo. Jasho lilimtoka puani. Akamwangalia Asnath, naye Asnath akatikisa kichwa polepole: usinywe. Akakiangalia kikombe tena.

"Mimi sina ugonjwa wowote," alisema mwishowe. "Dawa ni ya mgonjwa."

"Si imeandikwa inazuia kabla haujaingia!" Bernadeta alipiga kelele kutoka jikoni kwake, na stesheni nzima ikaangusha kicheko kile cha watu wasiojuana, kinachoanzia tumboni.

Akakiweka kikombe chini. Treni ikalia mbali, upande wa Kigoma.

"Unajua unachofanya?" aliuliza Wenceslaus, sasa bila matusi, karibu kwa huruma. "Ukimwaga huu, hakuna mnunuzi mwingine atakayewaamini. Wewe mwenyewe umesema ulikosea. Wewe mwenyewe! Watasema ulimi wa Godeliva umekufa."

"Waseme," alijibu. "Ulimi ulikosea, na mwenye ulimi ndiye anayesema. Mizani gani imewahi kukwambia hivyo?"

Treni ilipoondoka ilikuwa na Wenceslaus ndani. Magunia yalibaki.

Waliyazika siku ile ile, nyuma ya uwanja, shimo la kina cha mtu. Wanawake saba walichimba na hakuna aliyeimba. Ilikuwa kazi ya msimu mzima, vidole vyao vilikuwa na makovu ya kisu kwa ajili ya vipande vile. Mmoja alilia waziwazi. Godeliva hakumnyamazisha. Alisema tu, "Kosa ni langu, na nalitaja kwa jina langu, siyo la mvua," halafu akaendelea kushindilia udongo.

Kesho yake alichukua nyundo akaanza bani.

Xavery alikuja mbio. "Shemeji! Bani la marehemu! Kaka alilijenga kwa mikono yake!"

"Najua. Mimi ndiye niliyembebea maji ya udongo."

"Sasa unamvunjia heshima?"

"Justini hakuwahi kumlisha mtu sumu kwa makusudi. Likibaki, mvua ikija mwaka kesho, nitaliangalia tena. Najijua." Akapiga tofali la kwanza, halikutoka. Akapiga tena. "Ukinionea huruma shemeji, kuna nyundo nyingine nyuma ya mlango."

Xavery alisimama muda mrefu, akitukana kwa Kinyamwezi chini ya pumzi. Kisha akaenda nyuma ya mlango.

Kopo la ugoro alilifukia chini ya kifusi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na atakayekwambia aliacha kirahisi hakumwona wiki zile mbili za mwanzo, akimgombeza jogoo, akitafuna vijiti, akiamka na kupapasa pindo la kitenge lisilo na kitu. Jirani walimcheka. "Mwonjaji amefungiwa!" walisema. Kikundi kilibaki na wanawake watano. Wawili walirudi kwenye tumbaku, na hakuwalaumu. Kama mikebe mia tano ya Wenceslaus iliuzwa au haikuuzwa, Usoke hawajui. Asnath aliandika barua kwa mamlaka husika, na nakala akampa Godeliva, naye akaiweka kwenye fremu ile ile ya karatasi ya uraia, nyuma yake.

Na hii ndiyo kazi inavyofanyika sasa. Vichanja vimeezekwa kwa nailoni nyeupe inayopitisha jua na kuzuia mvua. Mkeka uko pale pale. Lakini ukwato ukifika, vinachongwa vijipande vitatu. Cha kwanza anaonja Josepha, cha pili anaonja yeyote atakayetajwa siku hiyo, cha tatu Godeliva, wa mwisho. Hawaruhusiwi kutazamana usoni mpaka wote wamemeza mate. Mmoja akitikisa kichwa, unatupwa, hata kama huyo mmoja ndiye aliyejiunga jana. Asnath anapokuja na vibamba vyake vyeupe, wanamwita "mwonjaji wa nne".

Siku moja mwezi wa sita, jua kali, hewa kavu, Josepha alionja akasema "mhm". Wa pili akasema "mhm". Godeliva akaweka chembe yake ulimini, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Josepha akaanza kuhangaika.

"Vipi? Tutupe?"

Godeliva alifungua macho, yamejaa maji. Ulimi uliokaa miaka chini ya ugoro ulikuwa umesikia. Haukuwa uchungu mmoja, kama alivyodhani maisha yake yote. Kulikuwa na wa kwanza mwepesi kama ganda la chungwa, chini yake mwingine mzito wa ardhi, na nyuma kabisa, kule uchungu wa kweli unakokaa, ulikuwepo ule wa mama yake.

"Treni nzima," alisema. "Mabehewa yote sita."

Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaurusha ukwato kwenye kapu, akanyoosha kisu kuelekea ule unaofuata.

"Leteni mwingine. Na asiniambie mtu chungu ni chungu."